Namna ya Kujifunza Protini, Wanga, DNA na Safari ya Oksijeni kwa Vitu vya Soko la Lamu

Anayeanza kusoma biokemia hukutana kwanza na majina mageni na michoro ya pembe sita, akaikariri kwa ajili ya mtihani, na baada ya miezi michache haibaki hata robo yake. Mwongozo huu unashika njia nyingine. Unamtaka mwanafunzi, au mwalimu ambaye maabara yake haina vifaa vingi, aanze na vitu vinavyouzwa katika soko lililo kando ya Ngome ya Lamu, avitie mkononi, avipime, ndipo ayarudie majina akijua yanasimamia nini. Jambo la kushikilia tangu mwanzo hadi mwisho ni moja: molekuli ya uhai hufanya kazi yake kwa sababu ya umbo lake, na umbo hilo hutokana na jinsi vipande vyake vidogo vilivyoungana. Kila jaribio lililoelezwa hapa limechaguliwa kwa kuwa linalionyesha jambo hilo, na yapo majaribio mazuri niliyoyaacha kwa kuwa hayalionyeshi.

Sokoni nunua muhogo mtamu, kitunguu, papai bichi, mayai mawili, asali kidogo, na kipande kinene cha nyama ya ng'ombe isiyo na mafuta. Duka la dawa litakupa iodini ya kupaka vidonda na spiriti. Maabara ya shule ndiyo itakayotoa mmumunyo wa Benedict, haidroksidi ya sodiamu na mrututu, ile salfeti ya shaba yenye rangi ya buluu. Haidroksidi ya sodiamu huunguza ngozi na inaweza kupofua jicho, kwa hiyo jaribio linaloihitaji lifanywe maabarani tu, mwalimu akiwapo, kwa miwani ya kinga na maji mengi karibu. Vyombo vya majaribio visirudi jikoni, na chakula kilichotiwa kemikali kisiliwe wala kisitupwe mahali ambapo punda na paka wa mitaani watakifikia.

Wanga, sukari na boriti

Menya muhogo, ukune kidogo, uoshe machicha yake kwa maji na uyaache maji hayo yatulie hadi unga mweupe uzame chini. Unga huo ni wanga. Chemsha nusu kijiko cha chai cha unga huo katika kikombe cha maji mpaka upate uji mwepesi, kisha uuache upoe. Punguza iodini kwa maji hadi ifanane rangi na chai nyepesi, dondosha matone yake kwa safu juu ya sahani nyeupe, na katika tone la kwanza ongeza tone la uji. Rangi itageuka mara moja kuwa buluu inayokaribia weusi. Wanga ni minyororo mirefu ya glukosi, na sehemu yake isiyo na matawi, iitwayo amilosi, hujisokota. Iodini huingia ndani ya msokoto huo na kukaa humo, na rangi unayoiona inatokana na mkao huo.

Sasa sukutua kinywa, kisha kusanya kijiko kimoja cha mate yako mwenyewe. Gawanya mate hayo mafungu mawili, na fungu moja ulichemshe kwa dakika tano. Tia kila fungu katika neli yake yenye uji wa wanga, uziweke neli zote mbili katika maji ya uvuguvugu wa mwili, yaani nyuzi 37 za Selisiasi, na kila baada ya dakika moja chukua tone kutoka kila neli ulitie katika tone jipya la iodini. Katika neli ya mate mabichi rangi itafifia kutoka buluu hadi wekundu wa kahawia, na mwishowe iodini itabaki na rangi yake. Katika neli ya mate yaliyochemshwa buluu haitaondoka. Mate yana kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemia, kiitwacho amilasi, ambacho hukata minyororo ya wanga. Moto umekiharibu umbo, na bila umbo hakina kazi. Katika mwezi wa Ramadhani ni vyema jaribio hili lipangwe baada ya futari, ili pasiwe na yeyote wa kutatizika na funga yake.

Sukari hupimwa kwa mmumunyo wa Benedict. Tia mililita 5 za mmumunyo katika neli, ongeza matone manane ya asali iliyozimuliwa kwa maji, na uisimamishe neli katika maji yanayochemka kwa dakika tano. Buluu itapita kwenye kijani na manjano hadi kufikia wekundu wa tofali, kwa sababu glukosi na fruktosi zilizomo katika asali huipa shaba iliyomo katika mmumunyo elektroni. Rudia kwa sukari nyeupe ya dukani: buluu itabaki. Hiyo ni sukrosi, glukosi na fruktosi zilizofungwa pamoja kwa kiungo ambacho kimezificha zile sehemu mbili zenye uwezo wa kutoa elektroni. Ichemshe kwanza na matone machache ya asidi hafifu ya hidrokloriki, ondoa ukali wa asidi kwa bikaboneti, kisha ipime tena, nayo itakuwa nyekundu.

Kuna tofauti moja ambayo vitabu huipa mstari mmoja, ilhali mtu wa Lamu anaweza kuigusa kila siku. Boriti za mikoko zinazobeba dari za nyumba za mawe zimejengwa kwa kiasi kikubwa na selulosi, na selulosi nayo ni minyororo ya glukosi tupu, kama wanga wa muhogo. Kinachotofautisha ni upande ambao kila glukosi inauelekea inapoungana na ile inayofuata. Katika wanga kiungo kinaitwa alfa, na mnyororo hujisokota. Katika selulosi kinaitwa beta, na mnyororo hunyooka, ukalala sambamba na wenzake na kushikana nao kwa nguvu. Amilasi ya mate hushika kiungo cha alfa na haiwezi kabisa kushika cha beta. Punda hula nyasi na kunufaika nazo kwa sababu katika utumbo wake mpana wamo bakteria wenye vimeng'enya vinavyokata kiungo hicho. Nasisitiza jambo hili kwa wanafunzi kuliko fomula zote za sukari, kwa maana ndilo linaloonyesha kwamba kujua vipande vya kujengea pekee hakutoshi kujua kitu ni chakula au ni mti wa kujengea.

Protini

Protini hujengwa kwa asidi amino, ambazo aina zake za kawaida ni 20, zikiungana moja baada ya nyingine kwa kiungo cha peptaidi. Mnyororo ukishaungwa hujikunja: asidi amino zinazokimbia maji huelekea ndani, zinazopenda maji hukaa nje, zenye chaji kinyume huvutana, na umbo linalopatikana ndilo linaloshika, linalokata au linalobeba.

Zimua ute wa yai kwa maji mara tano ya ujazo wake na uugawe katika neli mbili. Neli moja iweke katika maji yanayochemka hadi ute uwe mweupe kama maziwa, kisha uipoze. Katika kila neli, ukiwa na mililita 2 za ute, ongeza mililita 2 za haidroksidi ya sodiamu ya asilimia 10, halafu matone mawili au matatu tu ya mmumunyo wa mrututu wa asilimia 1. Rangi ya zambarau itatokea, nayo ndiyo dalili ya viungo vya peptaidi vilivyoishika shaba. Usizidishe mrututu, kwani buluu yake itaifunika zambarau na utadhani protini haipo.

Wengi hufanya jaribio hili kwa ute mbichi peke yake, wakaandika "protini ipo", na kufunga daftari. Neli ya pili ndiyo yenye somo. Ute uliopikwa umebadilika kiasi kwamba hautarudi kuwa maji tena, na hata hivyo zambarau imetokea vilevile. Maana yake ni kwamba moto haukukata mnyororo. Asidi amino zote zimo, kwa mpangilio uleule, ila mikunjo imefumuka na minyororo ya jirani imenasana. Umbo linaweza kupotea huku mnyororo ukibaki mzima.

Ili kuona kinyume chake, yaani mnyororo kukatwa, tumia ujuzi ambao wapishi wa mishkaki wa pwani wanao tangu zamani. Kuna papai bichi, ambalo utomvu wake una kimeng'enya kiitwacho papaini, chenye kazi ya kukata viungo vya peptaidi. Kata vipande vitatu vya nyama vilivyo sawa. Cha kwanza kipake papai bichi lililokunwa. Cha pili kipake papai lilelile likiwa limechemshwa vizuri na kupozwa. Cha tatu usikipake kitu. Viache vyote kwa saa mbili, kisha uvikandamize kwa uma. Cha kwanza kitakuwa kimelegea na uso wake kuwa na utelezi, na vile viwili vilivyobaki vitakuwa havina tofauti kubwa kati yao. Papaini ni protini inayokata protini, na papai lililochemshwa limepoteza uwezo huo kwa sababu ileile iliyoyapata mate katika jaribio la wanga. Mwanafunzi akiweza kueleza mwenyewe, bila kusaidiwa, kwa nini majaribio hayo mawili yana jibu moja, ameelewa vimeng'enya.

DNA katika kitunguu

DNA ni molekuli inayobeba maagizo ya urithi, na kuitoa ni kazi ya kufuata hatua kwa uangalifu. Laza spiriti katika friza usiku kucha, mbali na moto. Katakata kitunguu kimoja, ukisage na nusu kikombe cha maji, kijiko kimoja cha chai cha chumvi na vijiko viwili vya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo. Weka mchanganyiko katika maji ya nyuzi 60 kwa dakika 15, upoze kwa barafu, kisha uuchuje kwa kitambaa cha bafta kama unavyochuja tui, bila kukamua kwa nguvu. Ongeza matone machache ya maji ya papai bichi. Mwisho inamisha glasi na umimine spiriti baridi polepole ubavuni mwake, ujazo sawa na ule wa maji yako, ili ielee juu. Baada ya dakika chache, pale tabaka mbili zinapokutana, nyuzi nyeupe zitaanza kupanda, na unaweza kuzizungushia kijiti na kuzitoa.

Sabuni imeyeyusha ngozi ya seli na ya kiini chake, ambazo zina mafuta. Chumvi imetuliza chaji hasi za fosfeti zinazofanya nyuzi za DNA zisukumane. Papaini imekata protini zilizoambatana nazo. Na spiriti imeitoa DNA katika maji kwa kuwa haiyeyuki ndani yake. Ulichonacho kijitini si DNA safi, kwani RNA, molekuli ya jamii yake, na mabaki ya protini yamo pia, na hilo liandikwe katika ripoti. Usitumie matunda yaliyoiva sana, kwa sababu pektini yake hutoa utelezi unaofanana na nyuzi hizo na kumdanganya mtazamaji.

DNA ni minyororo miwili iliyosokotana, na kila mnyororo umeandikwa kwa herufi za aina nne: adenini, thaimini, guanini na sitosini. Adenini hukaa mkabala na thaimini, na guanini mkabala na sitosini. Herufi husomwa tatu tatu, na karibu kila tatu hutaja asidi amino moja. Shika hilo, kwa sababu litahitajika mwishoni.

Safari ya oksijeni

Vitabu vya shule huingia moja kwa moja katika himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Mimi ningependa msomaji aanze na nyama ya ng'ombe, ambayo haihitaji mtu kushika damu wala kujitia katika hatari ya maradhi ya wanyama. Kata kipande kinene katikati kwa kisu kikali. Uso mpya una rangi ya zambarau iliyoiva. Funika nusu yake kwa kipande cha kioo ukikandamize ili hewa isipite, na nusu nyingine uiache wazi kwa nusu saa. Sehemu iliyo wazi itakuwa nyekundu ya kung'aa, na iliyo chini ya kioo itabaki na zambarau yake. Rangi hiyo ni ya mayoglobini, protini inayoweka akiba ya oksijeni ndani ya msuli. Ina mnyororo mmoja, na katikati yake kuna himu, bamba dogo lenye atomi moja ya chuma ambayo oksijeni huishika na kuiachia. Ukiiweka nyama hiyo katika friji kwa siku kadhaa itakuwa ya kahawia, kwa kuwa chuma chenyewe kimepoteza elektroni na hakiwezi tena kushika oksijeni. Linganisha pia minofu ya samaki: jodari, anayeogelea bila kupumzika, ana minofu mekundu, ilhali ya changu ni meupe.

Himoglobini ya damu ni ndugu wa mayoglobini, lakini ina minyororo minne: miwili ya alfa yenye asidi amino 141 kila mmoja, na miwili ya beta yenye asidi amino 146 kila mmoja. Kila mnyororo una himu yake, kwa hiyo molekuli moja hubeba oksijeni nne. Bila himoglobini, lita moja ya damu inayotoka mapafuni ingebeba mililita 3 tu za oksijeni iliyoyeyuka. Ikiwa nayo, hubeba takriban mililita 200.

Ili uelewe uzuri wa kazi yake, chora grafu kwa mkono wako. Mstari wa chini uwe msukumo wa oksijeni kwa milimita za zebaki, na wa kusimama uwe asilimia ya himoglobini iliyojaa. Weka alama hizi kwa makadirio: kwenye 10 weka asilimia 10, kwenye 20 weka 35, kwenye 40 weka 75, kwenye 60 weka 90, na kwenye 100 weka 97. Unganisha alama, nawe utapata mstari uliopinda kama herufi S. Mapafuni msukumo ni karibu 100, na himoglobini hujaa karibu yote. Katika mwili uliopumzika ni karibu 40, hivyo robo ya mzigo imeshushwa. Katika msuli wa mpiga mbizi anayewinda kamba miambani huweza kushuka hadi 20 au chini yake, na hapo himoglobini huachia sehemu kubwa ya iliyobaki. Mpindo huo unatokana na ushirikiano wa minyororo minne: oksijeni ya kwanza ikishika, umbo lote husogea kidogo na himu zilizobaki hushika kwa wepesi zaidi. Mayoglobini yenye mnyororo mmoja haina wa kushirikiana naye, na grafu yake hupanda ghafla ikajaa mapema, jambo linaloifaa kwa kuweka akiba lakini lingeifanya mbebaji mbaya. Zaidi ya hayo, msuli unaofanya kazi hutoa kabonidioksaidi na asidi, na asidi hiyo huilegeza himoglobini iachie oksijeni zaidi. Christian Bohr na wenzake walilieleza jambo hili mwaka 1904.

Chuma si njia ya pekee. Damu ya pweza na ya kaa hutumia himosianini, ambayo hubeba oksijeni kwa atomi mbili za shaba, huelea katika maji ya damu bila kuwa ndani ya seli, na huwa ya buluu ikishika oksijeni na karibu haina rangi ikiiachia. Mvuvi akikukatia pweza aliye mbichi kabisa, pokea matone ya majimaji yake katika sahani nyeupe na utazame yakipigwa na hewa.

Himu ina udhaifu mmoja unaoua watu. Monoksaidi ya kaboni, gesi isiyo na harufu inayotoka katika makaa yanayowaka kwenye hewa haba, huishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Kwa hiyo jiko la makaa lisiwekwe katika chumba kilichofungwa madirisha, hata usiku wa mvua, hata kwa muda mfupi.

Herufi moja

Andika kwenye karatasi asidi amino saba za mwanzo wa mnyororo wa beta: valini, histidini, lusini, threonini, prolini, asidi glutamiki, asidi glutamiki. Sasa futa ya sita na uandike valini. Katika DNA badiliko hilo ni la herufi moja, GAG kuwa GTG. Asidi glutamiki ina chaji hasi na hupenda maji. Valini haina chaji na huyakimbia. Iko juu ya uso wa himoglobini, na himoglobini inapoachia oksijeni, valini hiyo hupata shimo la kujishikiza katika molekuli ya jirani, nayo ya jirani hushika nyingine, hadi nyuzi ndefu ngumu ziipinde seli nyekundu kama mundu na kuziba mishipa midogo. Huo ndio ugonjwa wa selimundu, ambao familia nyingi za pwani zinaujua kwa maumivu ya watoto wao.

Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, aliona kwamba chembe hii ya urithi ilikuwa nyingi pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria, na chache nyanda za juu, na mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba anayeirithi kutoka kwa mzazi mmoja tu hupata kinga fulani dhidi ya malaria. Ndiyo sababu imedumu mahali penye mbu. Wazazi wawili wenye kuibeba, ingawa wote ni wazima, wana uwezekano wa robo moja katika kila mimba kupata mtoto mwenye ugonjwa wenyewe, na kipimo cha hospitali kabla ya ndoa huweza kuwajulisha hilo mapema.

Kipimo hicho unaweza kukieleza kwa karatasi iliyo mbele yako. Linus Pauling na wenzake walikifanya mwaka 1949, kabla haijajulikana ni asidi amino ipi iliyobadilika. Vernon Ingram aliitambua miaka michache baadaye. Himoglobini huwekwa katika uwanja wa umeme wenye ncha chanya na ncha hasi. Ya kawaida ina chaji hasi moja zaidi katika kila mnyororo wa beta, kwa hiyo huvutwa kwa kasi kubwa zaidi kuelekea ncha chanya. Ya selimundu hubaki nyuma, na damu ya mbebaji huonyesha mistari miwili.